Watoto wa Nyankunde Waonyeshwe Kuta, Wasiachiwe Hadithi za Usiku

NYANKUNDE, usultani wa Andisoma, wilaya ya Irumu – Mwezi wa tisa ukikaribia, wazee wa hapa huongea kwa sauti ya chini. Mtoto akisogea, mazungumzo yanakatwa: « Enda ukacheze. » Mtoto anaenda, lakini amekwisha kuokota maneno mawili matatu: 2002, hospitali, walikimbia. Yanayobaki atayajaza mwenyewe. Ama atajaziwa na kijana mkubwa penye moto, usiku, pamoja na jina la kabila la kuchukia.

Ndiyo maana swali la kuwatembeza watoto mahali pa historia si swali la matajiri. Wapo wanaolicheka. Wanasema mtu anayelala chini ya bashi, anayehesabu vikombe vya unga, hana nafasi ya kwenda kutazama majengo ya zamani. Wapo wengine, wenye nia njema, wanaosema watoto wadogo wasionyeshwe mahali palipomwagika damu, sababu watakua na kisasi. Wote wawili wanakosea, na kosa lao linawagharimu watoto.

Tuanze na mahali pa mbali. Mjini Mombasa, nchini Kenya, kuna ngome kubwa ya mawe inayoitwa Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 ili washike bandari na njia ya bahari. Mwaka 1631 sultani wa Mombasa aliasi na kuwaua Wareno waliokuwa ndani. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na mazingira hayo yaliendelea karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698. Wengi wa waliojifungia humo hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa na magonjwa. Baadaye Waingereza wakaigeuza gereza, hadi mwaka 1958.

Leo ngome hiyo ni makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Watoto wa shule wanaingia kwa mstari, wanapanda juu ya mizinga, wanaulizana nani alifungwa katika chumba kile. Mama anamshika mdogo mkono penye ukuta mrefu ili asianguke. Hakuna anayesema watoto wa Mombasa watakua wauaji sababu wameonyeshwa mahali watu walipouana. Wanatoka wakijua jambo moja kubwa: vita iliyokuwa hapa ilikwisha, na mahali palipokuwa pa kufia pamekuwa pa kujifunzia.

Ituri nayo imekuwa na ngome yake. Mwanzoni mwa mwaka 1888 msafara wa Stanley, uliokuwa unamtafuta Emin Pasha, ulijenga kambi yenye boma katika msitu wa Ituri, mahali palipoitwa Ibwiri. Wakaiita Fort Bodo, na Stanley akaandika kwamba maana yake ni ngome ya amani. Amani ya nani? Waliokuwa ndani walikula ndizi za wenyeji, na wenyeji waliokuja kuchukua ndizi zao walipigwa risasi. Kabla mwaka haujaisha, msafara uliondoka na kuiacha. Mtoto wa Ituri akisikia jina hilo bila mtu wa kumweleza, ataamini kwamba mzungu alileta amani. Basi hasara ya kunyamaza ni hiyo: mahali pasipo na mwenyeji wa kupasimulia, mgeni atapasimulia kwa niaba yake.

Lakini Nyankunde haihitaji kwenda Mombasa, wala kuingia msituni wakati huu ambapo barabara hazina usalama. Kuta za historia ziko hapa hapa, na watu wanapita mbele yake wakienda sokoni. Hospitali ya CME ilikuwa inapokea wagonjwa kutoka pande zote za mashariki ya Kongo. Madaktari na wauguzi wengi walifundishwa hapa. Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji waliingia. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa kwa muda wa siku kumi, wakiwemo wagonjwa waliokuwa vitandani. Waliobaki walitembea kwa miguu siku nyingi kuelekea Oicha na Beni, wamebeba watoto na wagonjwa. Nyankunde ikabaki tupu, imeporwa.

Kisha watu walirudi, na hili ndilo linalosahauliwa. Haikuwa siku moja, wala haikuwa wote, lakini walirudi, wakafyeka majani, wakaezeka upya, na wanawake wakaanza tena kuzaa katika hospitali ile ile.

Sasa afikiriwe mtoto wa miaka minane aliyekimbia kijiji chake na kupata hifadhi hapa. Anaona Nyankunde kama mahali ambapo wengine wana nyumba na yeye hana. Hajui kwamba huyu mama anayemuuzia sombe alikuwa mkimbizi kama yeye, na alilala nje kama yeye. Akipelekwa mbele ya ukuta huo na kuambiwa, « Waliokaa hapa walikimbia, halafu wakarudi, » atakuwa amepewa kitu ambacho hakigawanywi pamoja na unga na mafuta. Na mtoto wa mwenyeji, akisikia maneno hayo hayo, hatamwita tena mwenzake « mkimbizi » kwa dharau penye bomba la maji.

Wanaoogopa kisasi wajibiwe kwa heshima, sababu hofu yao si ya bure. Ni kweli mahali pa mauaji panaweza kutumiwa kuchochea. Lakini kunyamaza hakujazuia kitu. Vijana walioshika silaha miaka hii wengi wao walikuwa watoto, au hawajazaliwa, wakati wa vita ya 2002 na 2003. Hawakufundishwa chuki na matembezi ya shule. Waliipata gizani, bila tarehe, bila mahali, bila mtu mzima wa kuwaambia kwamba kosa la mtu si kosa la kabila lake, wala la mtoto wake.

Hata majaji waliona kwamba karatasi haitoshi. Katika kesi ya mashambulizi ya Bogoro ya tarehe 24 Februari 2003, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walitoka La Haye, na mwezi wa Januari 2012 walifika Ituri, wakapatembelea Bogoro wenyewe, kabla ya kutoa hukumu. Ikiwa mwenye kuhukumu alihitaji kuona mahali kwa macho, mwenye kurithi mahali hapo atanyimwaje?

Yapo masharti. Mtoto mdogo asipewe hesabu ya maiti. Aonyeshwe ukuta, aguse, acheze, asikie kwamba hapa watu walisaidiana. Mwenye miaka kumi na zaidi apewe tarehe na ukweli, bila kupambwa na bila kutukana kabila. Anayesimulia awe mzee aliyeishi mambo hayo na ambaye moyo wake umetulia, na pembeni yake asimame mzee wa kabila lingine, ili watoto waone kwa macho kwamba hao wawili wanaweza kusimama pamoja. Hospitali iombwe ruhusa, na wagonjwa wasisumbuliwe. Yaanze asubuhi, yaishe kabla ya jua kali. Watoto wapate maji ya kunywa na nafasi ya kuuliza. Na matembezi yasimalizikie penye makaburi. Yamalizikie karibu na mahali wanapozaliwa watoto.

Hayo yote hayadai pesa za mradi wala ndege ya wageni. Yanadai walimu wa shule, viongozi wa makanisa, wakubwa wa usultani na kamati za wakimbizi wakae barazani mara moja na kupatana juu ya maneno. Salongo inafanywa kwa barabara na kwa mitaro. Ifanywe pia kwa kumbukumbu.

Watoto watasikia habari ya 2002, wazazi watake wasitake. Kilichobaki mikononi mwa wazee ni kuchagua kama wataisikia mchana, mbele ya ukuta, wameshikwa mkono, ama usiku, kutoka kwa mtu mwenye panga.