Mtoto wa Miaka Miwili Hana Kesi ya Kujibu

Kuanzia vitongoji vya Lubumbashi hadi Kinsevere, kwenye mgodi wa shaba kilomita 30 hivi kaskazini ya mji, mtoto mdogo akikorofisha hakosi hukumu. Nne ndizo zinazosikika zaidi, na zote zina kasoro.

“Ananifanyia makusudi.” Mtoto wa miaka miwili huelewa akiambiwa asiguse mbabula, na bado mkono wake huenda. Kuelewa katazo ni jambo moja, kujizuia ni jingine: sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza tamaa, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20. Basi mbabula isogezwe, na penye malori ashikwe mkono. Katazo peke yake halimlindi.

“Analia bila sababu.” Sababu ipo, maneno ya kuisema ndiyo hayajatosha. Huenda ni njaa, au malaria inayoanza. Huenda ni usingizi: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Aliyepelekwa kwenye mkesha wa maombi hadi saa nane usiku, asubuhi akatupa sahani ya bukari, dawa yake ni kitanda.

“Fimbo itamnyoosha.” Fimbo hunyamazisha papo hapo, hilo kweli. Lakini mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti za miaka 50 kuhusu watoto zaidi ya 160,000: kuchapwa kuliambatana na ukaidi na ugomvi zaidi, si utii.

“Huyu ni mlozi.” Hapa kosa la kumsoma mtoto linageuka jinai. Kukojoa kitandani, kuweweseka na ukaidi ni mambo ya kawaida ya utotoni. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamfunga mtuhumu mwaka mmoja hadi mitatu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuhukumu mguse paji la uso, kumbuka alikula lini na alilala kiasi gani. Na mchungaji akikuambia mwanao ni mlozi, mchukue mtoto, muondoke.