Nikienda Japani, Sitaki Kiti
Jamani, siku nikipata nauli ya Japani wakati wa kiangazi, Kyoto waniwie radhi. Gion Matsuri, sherehe yao ya Julai, ilianza mwaka 869 kama maombi ya kufukuza maradhi. Mwaka 2023 viti vya kifahari vya kutazamia maandamano yake viliuzwa yeni 400,000 kimoja. Ibada imekuwa sinema! Ndiyo, kando ya barabara unasimama bure, lakini bado unatazama tu.

Mimi ningeenda Nebuta, kule Aomori, Agosti 2 hadi 7. Ukivaa vazi la wachezaji, hata la kukodi, unaingia barabarani kurukaruka na wenyeji, masanamu makubwa ya karatasi yakiwaka taa usiku. Sisi wa ualimu tunakaririshwa darasani kwamba mtu hujifunza kwa kutenda. Viatu vya kurukia ninavyo, bado nauli.