Upungufu wa Hazina Haujazwi kwa Pishi ya Mkulima

Ndugu zetu wanachama wa Unguja na Pemba,

Twawaandikia kutoka Shirimatunda, mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapa ndipo lilipo duka letu, na wateja wetu wengi ni wakulima wa kahawa au watoto wa wakulima wa kahawa. Labda mtauliza: kahawa ya Wachagga yatuhusu nini sisi watu wa karafuu? Yatuhusu, tena sana. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kila bajeti inaposomwa baada ya msukosuko wa uchumi, iwe Dodoma au Chukwani, hoja huwa ni ile ile: dunia imeharibika, Hazina imepungukiwa, basi wananchi wavumilie. Korona ilisimamisha utalii wetu mwaka 2020; mwaka 2025 Marekani ikakata misaada yake; na kesho litakuja jingine. Sisi hatukatai kuwa misukosuko ipo. Twasema neno moja tu: msukosuko huletwa na dunia, lakini bajeti huandikwa na watu. Ukame hauna wa kulaumiwa. Mgao wa maji ya kisima unaye.

Tazameni yaliyopita hapa Kilimanjaro. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na miongoni mwao KNCU, chama cha wakulima wa kahawa kilichoundwa mwaka 1933. Kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya serikali, na mkulima akabaki hana wa kumsemea. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapaa. Fedha za kigeni zikawa haba. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha na mzaliwa wa mkoa huu, alishauri nchi ipatane na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu Nyerere akakataa, na Mtei akajiuzulu mwaka huo huo wa 1979. Hatusemi kuwa shirika lile ni rafiki wa maskini, wala hatumlaumu Mwalimu kwa kukataa kuamrishwa na wageni. Twauliza tu: wakubwa walipokwisha kukataliana, mzigo alitwishwa nani?

Alitwishwa mkulima, naye hakuulizwa. Kahawa iliuzwa nje kwa dola. Dola ile ikabadilishwa kwa kiwango kilichopangwa na serikali, shilingi nane na kitu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilhali mitaani dola hiyo hiyo ilikuwa na thamani mara kadhaa zaidi ya hapo. Katika shilingi hizo chache yakatolewa makato ya mamlaka. Kilichobaki ndicho alichopewa mkulima, naye akaenda nacho dukani kutafuta sabuni, akaikuta haipo, au ipo kwa bei ya magendo. Basi aliuza kwa kiwango cha serikali, akanunua kwa kiwango cha magendo. Hiyo ilikuwa kodi, tena nzito, lakini haikuandikwa katika kitabu chochote cha bajeti.

Wazee wa hapa wametusimulia yaliyofuata. Mwaka 1983 ikatangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, na wenye maduka wakakamatwa pamoja na bidhaa zao. Walikuwamo walanguzi wa kweli, nasi hatuwatetei. Walakini uhaba haukuzaliwa na muuza duka. Yeye alikuwa karibu na mkono wa serikali, basi akashikwa.

Na mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka 1984 vyama vya ushirika vikarejeshwa. Mwaka 1986 mapatano na shirika lile lile yakafanywa, na dola iliyokuwa shilingi 17 hivi ikafika 40. Kilichokataliwa kwa heshima kikapokelewa kwa unyonge, na katika miaka ile mkulima alikwisha kata shauri lake: kahawa ikavushwa kwa magendo kwenda Kenya, na wapo waliong'oa mibuni wakapanda migomba na nyanya. Mti uliosomesha watoto wa mkoa mzima ukawa kuni.

Ndugu zetu, hamuioni Pemba humo? Karafuu nayo ilikuwa na mnunuzi mmoja, ZSTC, aliyempa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia. Nayo ikavushwa kwenda Kenya, na serikali badala ya kuongeza bei ikatuma KMKM baharini. Ndipo mwaka 2011 ilipotangazwa kuwa mkulima apewe asilimia 80 ya bei ya nje, na karafuu ikarudi vituoni kwa miguu yake. Bei njema ilifanya yale ambayo mashua za doria hazikuyaweza.

Basi bajeti ijayo ikisomwa, msikubali kusomewa upungufu peke yake. Mwulizeni Mwakilishi wenu: kabla ya kugusa pishi ya karafuu na ushuru wa kibanda, mmepunguza nini katika magari yenu, safari zenu na posho zenu? Tena dola moja ya karafuu ikiingia nchini, mkulima anabakiwa na kiasi gani? Jawabu lake libandikwe ukutani katika kila kituo cha ununuzi, mahali ambapo hata mzee asiyejua kusoma ataweza kusomewa na mjukuu wake.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuwa mizani ni amana. Dukani kwetu daftari la madeni li wazi, na kila mteja huliona deni lake kabla ya kulipa. Serikali ni mwenye duka kubwa, na mali iliyomo ni yetu. Upungufu tutasaidia kuujaza, kwani nchi ni yetu sote. Lakini kwanza daftari lifunguliwe.