Hati iandikwe jina la nani?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni maua, manukato na nani kamnunia nani, tuongelee kitu kinachovunja mapenzi kimyakimya kuliko hata simu ya usiku wa manane: nyumba. Ndio, ile nyumba ya ndoto mnayoipangia mkiwa mmelala mnaangalia dari.

Mdogo wangu anafanya kazi Kasesya, mpakani kwetu na Zambia. Kazi yake ni kutoa mizigo forodhani. Mumewe ni mhasibu Sumbawanga mjini. Miaka mitano wamedunduliza hela: mshahara wa huyu, mshahara wa yule, na mahindi na maharage ambayo mdogo wangu analima na kuuza kila msimu. Sasa shemeji kaona tangazo. Apatimenti ya vyumba viwili, Upanga, Dar es Salaam, inatazama Mto Msimbazi unapokaribia kuingia baharini pale Salenda. Wapangishe kwanza, wakihamia Dar waingie wenyewe. Safi kabisa.

Tatizo likaja kwenye sentensi moja ya shemeji: "Hati tuandike jina langu kwanza, mengine tutarekebisha mbele ya safari." Mdogo wangu akanipigia. "Dada, nenda kaiangalie hiyo nyumba, halafu uniambie kama nina wivu au nina akili."

Nikaenda. Sitadanganya, nyumba ni kali. Vigae vyeupe, kibaraza cha kunywea chai, upepo mpaka unasahau foleni. Dalali naye hakunyamaza: "Dada, hii ikifika jioni haipo." Wengi wetu hapo ndipo tunapotoa malipo ya awali. Mimi niliuliza mambo matatu, na nakushauri uyaulize pia.

La kwanza: unauziwa nini hasa? Ghorofani hununui kiwanja. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, unaweza kupata hati ya sehemu yako, na pamoja nayo fungu lako katika vitu vya wote: ngazi, paa, lifti, maegesho. Wenye sehemu huunda chama chao na kuchangia matunzo. Ukiambiwa jengo ni la ushirika, uliza mara mbili. Kule New York kuna apatimenti nyingi za ushirika ambapo mtu hapewi hati ya nyumba, ananunua hisa za chama kinachomiliki jengo zima, na bodi inaweza kumkataa mnunuzi. Kwa hiyo omba uone hati, katiba ya chama, hesabu zao na madeni yao. Tuseme jengo lina nyumba 12 na lifti imekufa, fundi anataka shilingi milioni 24. Mkigawana sawa, hiyo ni milioni 2 kwako, hata kama unakaa ghorofa ya chini na lifti hujawahi kuipanda.

La pili: mto. Kuutazama mto ni raha, kuwa ndani ya mto ni habari nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na Desemba 2015 tingatinga zikaingia bonde la Msimbazi kubomoa. Usidhani yanawakuta wanyonge tu. Nairobi, Agosti 2018, jengo la biashara la South End kule Lang'ata liliangushwa kwa sababu lilikuwa kwenye eneo la mto. Kwa hiyo pima umbali, omba kibali cha ujenzi, kisha muulize mlinzi, sio dalali, maji yalifika wapi mvua iliyopita. Kwetu Ufipa hata mtoto anajua bonde ni la kulima, nyumba inapanda juu kidogo.

La tatu ndilo lililomkosesha mdogo wangu usingizi: jina.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali ikinunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, itachukuliwa kuwa ni yake peke yake mpaka mwenzake athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa mna haki sawa. Umeona tofauti? Katika hali ya kwanza, mwenye kutafuta risiti za maharage ni mdogo wangu. Ni kweli mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Lakini mpaka ufike huko umeshalia sana, na wakili hafanyi kazi kwa machozi.

Wengine husema mume hawezi kuuza bila mke kuridhia. Kinga hiyo ni ya nyumba ya familia, ile mnayoishi. Apatimenti ya kupangisha Upanga wakati ninyi mnalala Sumbawanga inaweza kuwaletea ubishi mrefu.

Dawa ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawaruhusu wanandoa kumiliki kwa pamoja, mmoja akifariki haki yote inabaki kwa aliye hai. Au mmiliki kwa mafungu, kila mtu na sehemu yake iliyoandikwa. Chagueni mkiwa bado mnacheka.

Nilimpigia shemeji mwenyewe. Nikamwambia, "Shemeji, sina ubaya na wewe, na kaka zako nawaheshimu. Lakini ukitangulia wewe kesho, nani atamtetea mke wako siku ya kikao cha ukoo?" Akakaa kimya. Kisha akasema, "Shemeji, wataniambia nimekaliwa." Nikamjibu kwamba mwanaume aliyekaliwa hajulikani kwa hati, na kwamba jina la mke likiwepo, na yeye analindwa mke akitangulia.

Hajaniambia ndiyo. Ila malipo ya awali hayajatoka, na wamekubaliana waje Dar wote wawili, waione nyumba, wapite kwa wakili pamoja. Dalali amenuna. Acha anune.

Wewe na mwenzio je? Kabla hamjabishana rangi ya mapazia, jibuni haya usiku wa leo: kila mmoja anatoa kiasi gani, na imeandikwa wapi? Mkiachana, nani atatoka na begi? Mmoja akifa, nani ataingia na funguo? Kama mwenzio anakasirika kuulizwa tu, hilo nalo ni jibu, na umelipata bure kabla ya kulipa mamilioni.

Mapenzi hayapungui kwa majina mawili kwenye karatasi moja. Tukutane mwezi ujao, na mpendane kwa akili.