Saa ya jeshi: Itazame mgongo kabla ya kutoa pesa

TUSEME rafiki amekujia na saa kuukuu ya mkono, akakuapia kwamba ilivaliwa na mpiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Anataka pesa nyingi, na anadai kuna mtu mwingine anayeingojea. Utafanyaje? Wako waliotoa akiba ya karo kwa sababu ya hadithi tamu kama hiyo. Hebu leo tujifunze kuihoji saa yenyewe, maana muuzaji aweza kutia chumvi, lakini chuma hakina ulimi.

Tuchukue mfano wa Rolex Submariner. Katika miaka ya 1970, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliwaagizia wapiga mbizi wake saa hizo, lakini haikuridhika na zile za madukani. Iliomba zifanyiwe mabadiliko. Leo zimekuwa adimu, na zipo zilizouzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Submariner ya kiraia ya umri huo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Hapo ndipo mlaghai hupata kazi. Hana haja ya kuunda saa ya bandia tangu mwanzo; huchukua ya kiraia iliyo halali akaivisha magwanda.

Kwanza, angalia masikio yanayoshika ukanda. Saa ya kawaida ina vijiti vya springi vinavyotoka. Kijiti kikivunjika chini ya maji, saa imekwenda. Kwa hivyo jeshi lilitaka vijiti vilivyochomelewa visitoke kabisa, na ukanda wa nailoni ukapitishwa chini yake. Ukikuta vijiti vya springi, uliza maswali. Ukikuta vilivyochomelewa juzijuzi, uliza zaidi.

Pili, tazama uso. Akrabu za saa hizi ni pana na zenye ncha, mfano wa upanga. Duara la nje linalozungushwa lina alama za dakika zote 60, ilhali la kiraia huonyesha dakika moja moja kwa zile 15 za mwanzo tu. Usoni pia mna herufi T ndani ya kiduara, yaani rangi ing'aayo ilitiwa tritiamu.

Tritiamu hiyo ni shahidi mwema. Nguvu zake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Miaka 50 ikipita, hubaki kama sehemu 1 kati ya 16. Basi ingia nayo chumba chenye giza. Iwapo saa inayodaiwa kuwa ya 1975 inawaka usiku kucha kama mpya, jua kwamba rangi au uso mzima umebadilishwa.

Tatu, igeuze. Mgongoni mwa saa ya wanamaji huchongwa 0552, kisha 923-7697, kisha alama ya mshale mpana ambayo ni muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Chini yake huwa nambari ya saa hiyo na mwaka, kama 75 kwa 1975. Zile za jeshi la nchi kavu huanza na W10. Tumia kioo cha kukuzia. Maandishi ya kale huchakaa pamoja na chuma kilichoyazunguka. Mgongo uliokwaruzika wenye maandishi makali kama wembe una la kujibu.

Hata hivyo, usiridhike na mgongo peke yake, kwa kuwa hufunguka na waweza kufungwa kwenye saa nyingine. Toa ukanda, usome nambari ya kiwanda iliyo baina ya masikio upande wa saa kumi na mbili. (Hapo namaanisha palipo 6 usoni.) Nambari hiyo huonyesha takriban mwaka saa ilipoundwa. Haiwezekani saa iliyotengenezwa 1979 iwe iligawiwa askari 1975. Njia ya mwongo ni fupi.

Na je, ikiwa saa ni ya marehemu babu, nawe umeikuta sandukuni? Usimpe fundi aisugue ing'ae, wala asibadilishe uso na akrabu ili ipendeze. Mikwaruzo ile ndiyo ushahidi wake, na fundi mwenye nia njema aweza kuifuta thamani yote kwa alasiri moja. Mwambie aifungue ukiwapo, aisafishe mashine, na kila kipande akitoacho akurudishie mkononi.

Muuzaji wa kweli hatakataa saa yake ikaguliwe na mjuzi. Akikuharakisha, mwache aende kwa huyo mwingine anayengoja. Karo ya watoto haingoji.