Mbele ya kuchagua kapiteni, muandike nani anachunga franga

Mwezi wa 5, wafanyakazi wawili wa poste moja walikuya ku redaksio yetu, kila mumoja na telefone mukononi. Wote wawili walituonyesha ukurasa ule ule: majina yao juu kabisa ya liste, pointi sawasawa. Mumoja akasema: «Ni miye wa kwanza, programu yenyewe imeniweka juu.» Mwenzake akajibu: «Hapana, tuko sawa, tugawanye.» Watu 20 walikuwa mu ile ligi yao, kila mumoja alitosha dola 10 mbele ya musimu kuanza. Dola 200, basi. Mutu wa tatu, yule mwenye kuzichunga, hakukuya. Telefone yake ilikuwa imezimwa tangu siku mbili.

Hatukuwa na jibu ya kuwapa. Walikuwa wamekubaliana juu ya jina la ligi, juu ya siku ya kukusanyika kwa kuangalia mupira, hata juu ya nani atanunua vinywaji siku ya mwisho. Lakini hakuna karatasi hata moja yenye kusema: kama wawili wako sawa, tunafanya nini? Walifanya kazi pamoja miaka sita. Leo hawasalimiane.

Kwa wale mu nyumba wasiojua muchezo huu wa fantasi, tuueleze kidogo, juu bamama wengi wanaona paka bwana akikodolea telefone macho siku ya posho na hawajui ni nini. Ule wenye kuchezwa zaidi hapa kwetu ni wa shampiona ya Uingereza, Fantasy Premier League. Ni wa bure, tangu ulipoanza mu musimu wa 2002-2003. Unapewa milioni 100 za uongo, unanunua wachezaji 15 wa kweli, lakini hapana zaidi ya watatu wa kilabu kimoja. Mu ile 15 unachagua 11 wa kuanza na kapiteni mumoja, pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Mushambuliaji akitia goli unapata pointi 4, wa katikati 5, beki 6. Pasi ya goli ni 3. Karata nyekundu inakutosha 3. Ni hesabu, na kichwa, na bahati. Parifoot ni kitu kingine: kule unaweka franga zako ku kampuni na kampuni inajua itapata. Huku programu haikulombe kitu.

Na hapo ndipo shida inaanziaka. Juu programu haikulombe kitu, haijui franga zenu. Wale wageni wetu wawili, mwenye kuwa juu alikuwa na haki: watu wakiwa sawa kwa pointi, programu inamuweka mbele yule aliyebadilisha wachezaji mara chache. Ni kanuni ya muchezo. Lakini je, ilikuwa pia kanuni ya dola 200? Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Programu inahesabu pointi vizuri kushinda mutu yeyote. Mambo yanayobaki ni yenu, na musimu mupya unaanza mwezi wa 8.

Tuanze na kuchagua programu. Wasomaji wengine wanatuambia wanapenda ile ya Wafaransa, Mon Petit Gazon, MPG, juu iko mu Kifaransa na watu wetu walisoma mu Kifaransa. Ni kweli, na ni muchezo muzuri: mu ligi yenu kila muchezaji anakuwa wa ekipe moja tu, munamugombania kwa bei ya siri mu «mercato». Lakini mercato inaomba kila mutu aweke bei yake mbele ya saa ileile, ngambo kwa ngambo, na kikundi kiwe kidogo. Kwa marafiki wanane wenye kuikala avenue moja, sawa. Kwa watu 20 wa poste tatu, wamoja chini, wengine wamelala, wengine njiani mu basi ya kampuni, mercato itageuka kelele. Kuna na zile zenye kuuzisha karata za wachezaji kwa franga za kweli. Zile, muache. Kuandika ligi yenu wenyewe mu kaye, na wachezaji wa Mazembe, Lupopo na Don Bosco, tungeipenda sana. Lakini nani atahesabu pasi za goli kila wiki bila kugombana? Watu wanagombana tayari juu ya offside.

Kwa sisi, basi, ile ya Waingereza inafaa zaidi mutu wa mugodi, hata kama Kiingereza kinasumbua. Mutoto wa sekondari atakusaidia mara mbili, ya tatu utajua wewe mwenyewe. Sababu yetu ni hii: inavumilia mutu wa poste. Kila wiki unapata ruhusa ya kubadilisha muchezaji mumoja bure, na usipoitumia unaiweka, mpaka tano. Ukipita hapo, kila muchezaji wa zaidi anakukata pointi 4. Mwenye kuingia mu kambi ya kazi wiki mbili bila reseau hapoteze kila kitu. Muchezaji wake asipocheza, mwenye kuwa ku banc anaingia yeye mwenyewe. Kapiteni asipocheza, naibu wake anachukua ile mara mbili. Na haikule mega mingi: unafungua mara moja kwa wiki, unafunga.

Saa ndiyo inatulizaka. Programu inafunga dakika 90 mbele ya match ya kwanza. Siku ya posho, match ya kwanza ya Uingereza ni saa 12h30 ya kwao, kumaanisha kufunga ni 11h00 ya kwao. Mwezi wa 8 mpaka mwisho wa mwezi wa 10 ni saa 12h00 ya Lubumbashi na Kolwezi. Kisha Waingereza wanarudisha saa yao nyuma, na tangu hapo mpaka mwisho wa mwezi wa 3 ni saa 13h00 kwetu. Kama match ya kwanza ni siku ya tano saa 20h00 ya kwao, munafungiwa 19h30 ao 20h30 ya kwetu, na yule wa poste ya pili iko chini, telefone yake imebaki ku mulango wa kampuni. Shemeji wa Kinshasa naye, mu groupe yenu ya WhatsApp, iko na saa yake, moja nyuma ya yetu. Akiandika «inafungwa 12h00», muulize 12h00 ya wapi.

Tunashauri kanuni moja fupi: kila mutu atengeneze ekipe yake siku ya ine magaribi, poste yoyote. Na muandike pia kama mutu wa nyumba anaweza kukubadilishia ekipe ukiwa ku kazi. Tunaona inafaa, bibi ao mutoto, sawa. Mwenzako wa ligi, hapana. Chef wa poste mwenye kuchunga kode za watu watano mu telefone yake, hapana kabisa, hata kama ni mutu wa kanisa.

Tufike ku franga. Katika kila groupe tunayojua, mbio inakuwa kuongeza kikapo: mwaka wa kwanza dola 5, wa pili 10, wa tatu 20. Na kikapo kinalala ku mutu mumoja tangu mwezi wa 8 mpaka mwezi wa 5. Miezi kumi! Mutu huyo iko na watoto kama wewe, na kodi ya nyumba, na kilio cha mukwe kule Likasi. Hatusemi ni mwizi. Tunasema mumemupa muzigo ambao hata mutakatifu angeuweka chini mwezi wa 12.

Bamama wetu walishaka kupata dawa ya jambo hili zamani, inaitwa likelemba. Mu likelemba franga hazilale. Zinakusanywa leo, leo zinakwenda ku mwenye zamu. Programu yenyewe inawasaidia kufanya vile, juu mu ligi ya kawaida kuna mupangilio wa kila mwezi pembeni ya ule wa mwaka muzima. Basi watu 20, kila mumoja 2.000 FC kwa mwezi: ni 40.000 FC, inatoka siku ileile kwa aliyeongoza mwezi. Aliyeanza vibaya mwezi wa 8 anaweza kula mwezi wa 11, hataacha ekipe yake ioze. Mushindi wa mwaka mumununulie kitu cha kuonekana, mbuzi moja ya kulia pamoja na familia zote. Na mwezi ambao hauna 2.000, unacheza bila kulipa na bila kula, jina lako linabaki.

Hii ya mwisho si kitu kidogo. Mwezi wa 2 mwaka 2025, Serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, na ilibaki vile mpaka mwezi wa 10, kisha ikaweka kiasi cha kila kampuni. Wasomaji wetu wanajua miezi ile ilikuwa namna gani mu madepo na mu nyumba. Kreusere hana siku ya paye. Wiki moja anapata, wiki tatu anangojea. Ligi yenye kulomba dola 20 pamoja siku ya kwanza inamufunga mulango, ao inamufanya akope. Na akikopa juu ya mupira wa uongo, bibi yake atajua siku ya minervale.

Muandike pia ni franga gani. Dola ao franka, moja. Mwaka 2025 tuliona dola ikishuka mbele ya franka mu siku chache, na watu wenye kuchunga kikapo walikwenda kubadilisha mara mbili bila kusema kwa nani faida. Kama ni dola, muandike kwamba noti yenye kupasuka ku pembe inarudi ku mwenyewe (tumeona ugomvi wa nusu saa juu ya noti ya 5). Kama munapitisha mu M-Pesa ao Airtel Money, museme nani analipa ya kutosha ku cabine. Ujumbe wa kupokea uwekwe mu groupe siku ileile, kila mutu auone. Na watu wawili wajue hesabu, mwenye kuchunga na mwengine wa poste ingine.

Tumesikia watu wakisema karatasi inaharibu urafiki, eti kati ya ndugu hatuandikiane. Wale wawili wa mwezi wa 5 hawakuandikiane.

Kuhusu kucheza kwenyewe hatuna mashauri mengi, redaksio yetu iko mbali na watu wa juu. Lakini tuseme moja, juu limetupata sisi wenyewe. Yoane Wissa alitia magoli 19 mu shampiona na Brentford musimu wa 2024-2025, na kila Mukongomani alimununua. Mwezi wa 9 mwaka 2025, ametoka kuhamia Newcastle, akaumia goti mu match ya Léopards na Senegal kule Kinshasa, akakaa inje mpaka mwezi wa 12. Wengi wetu tulimuacha mu ekipe wiki na wiki, «ni mutoto wetu, atarudia», na kila wiki sifuri. Hakuna kanuni ya kuzuia moyo, na hatuombi iwekwe. Ile sifuri ni yako. Lakini ukiweka kikapo kikubwa, mutu hataweza tena kumuchunga Wissa kwa mapendo. Atacheza kama mutu wa parifoot, na mutakuwa mumeua ile furaha iliyowakusanya.

Kuna kanuni moja ambayo watu wanaogopa kuitaja, na sisi tunaitaja juu wasomaji wetu ni watu wa shimo. Mwenye ligi akifa ao akiumia sana katikati ya musimu, inakuwa namna gani? Muandike. Ekipe yake isitoshwe mu liste mpaka mwisho. Kama mulikusanya kikapo cha mwaka, sehemu yake inarudi ku mujane wiki ile ile, bila kungojea mwezi wa 5, na mutu mumoja anachaguliwa tangu leo kuipeleka. Na kama ni mutoto wake mukubwa anataka kuendelea na ekipe ya baba, aendelee.

Ukurasa mumoja wa kaye unatosha. Mukae siku moja ya mungu, nyuma ya misa, mbele ya ile posho ya kwanza ya mwezi wa 8, kila mumoja atie mukono. Kopi moja kwa mwenye kuchunga, moja kwa yule wa poste ingine, picha mu groupe. Na moja ipelekwe ku nyumba, iwekwe pale bibi anawekaka risiti za masomo.