Chombo cha Kurekodia na Sauti ya Taifa

Taifa lisiloweza kuhifadhi sauti yake lenyewe huishi kwa kuazima masikio ya wengine. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa hali yetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake ilibidi wavuke bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili nyimbo zao zipate kutiwa katika santuri za His Master's Voice. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi nyimbo na ngoma, na kazi yake ikaenda kuhifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Baada ya uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi, kwaya na ngoma za nchi hii kwa wingi, na hazina hiyo ni fahari yetu hadi leo. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, bendi iliyotaka santuri ya kuuzwa madukani aghalabu ilifunga safari ya Nairobi.

Mwenye mtambo hakuamua tu nani arekodiwe. Aliamua hata urefu wa wimbo. Santuri ya zamani, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua kiasi cha dakika tatu kila upande. Wimbo uliozoea kurefushwa kadiri hadhira ilivyotaka, ulikatwa ukatosha santuri. Hivyo chombo hakikuwa mtumishi wa muziki. Kilikuwa bwana wake.

Leo mtambo umeingia nyumbani. Juu ya meza ya mwalimu, karibu na kompyuta yake, chaweza kukaa kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu, nacho kikafanya kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima cha mitambo. Vijana wa studio hukiita saundikadi. Wataalamu wa lugha wamekipa jina la kiolesura cha sauti. Kazi yake ni hii: hupokea umeme dhaifu utokao katika maikrofoni, huukuza, huugeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta yaweza kuzihifadhi, kisha huzirudisha tarakimu hizo kuwa sauti ya kusikilizwa. Kila wimbo, kila shairi na kila pigo la ngoma litakalorekodiwa nyumbani hupitia mlango huo mmoja. Kwa hiyo kuchagua mlango huo si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la utamaduni, nami nasema wazi kwamba wengi wetu tunalichagua vibaya, kwa kufuata fikra tatu zilizo potofu.

Fikra ya kwanza ni ya waabudu tarakimu. Hao humwambia kijana kwamba chombo kinachopima sauti mara 192,000 kwa sekunde ni bora mara nne kuliko kile kinachoipima mara 48,000, na ya kwamba asiyeweza kukinunua hana haja ya kuanza. Huu ni udanganyifu uliovikwa joho la sayansi. Sikio la binadamu, hata la kijana mwenye afya njema, halisikii mitikisiko inayozidi takriban 20,000 kwa sekunde. Kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928, mwaka ule ule Siti alipokwenda Bombay, na ile ya Claude Shannon ya mwaka 1949, zilionyesha kwamba ili mtikisiko upatikane tena kwa ukamilifu, yatosha kuupima kwa kasi inayozidi maradufu ya mitikisiko hiyo. Ndiyo sababu diski za muziki zilipangiwa vipimo 44,100 kwa sekunde, na kazi za filamu na televisheni hutumia 48,000. Kinachozidi hapo kina matumizi yake katika kazi chache za kitaalamu, lakini hakimwongezei mwimbaji pumzi wala mshairi vina.

Tena ziada hiyo ina gharama. Kurekodi matundu manane kwa muda wa saa moja, kwa vipimo 48,000 vya biti 24, hujaza kiasi cha gigabaiti 4 za hifadhi. Kwa vipimo 192,000, kazi ile ile hujaza zaidi ya gigabaiti 16. Shule yenye kompyuta moja iliyochakaa itajaza hifadhi yake kwa vitu visivyosikika na sikio lolote, kisha ikose nafasi ya kuwarekodi wazee wa kijiji cha pili. Je, huko ndiko kuendelea?

Sisemi kwamba tarakimu zote ni za kupuuzwa. Biti 24 zina faida ya kweli. Kwa biti 16, umbali kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya wa chombo ni kiasi cha desibeli 96. Kwa biti 24, umbali huo kwa hesabu hufikia 144, ingawa vyombo vyenyewe, hata vilivyo bora, kwa kawaida huishia karibu na 120. Nafasi hiyo humwezesha anayerekodi kuiweka sauti chini kidogo, ili mpiga ngoma anapopandwa na mori asiivuruge kazi yote. Lakini biti 24 zapatikana leo hata katika vyombo vya bei nafuu. Hakuna sababu ya kumwuzia mtu kwa bei ya dhahabu kitu ambacho jirani yake anakipata kwa bei ya unga. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Muuzaji naye huvutia kwake. Wajibu wa mnunuzi ni kuijua ngoma.

Fikra ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu inajificha nyuma ya unyenyekevu. Inasema: tundu moja latosha. Mwimbaji mmoja, maikrofoni moja, na mapigo yaliyokwisha kutengenezwa ndani ya kompyuta. Muziki wa siku hizi wahitaji nini zaidi? Siwalaumu vijana walioanza hivyo kwa kukosa fedha. Nawalaumu wanaoigeuza dhiki kuwa kanuni. Kama santuri ya dakika tatu ilivyoukata wimbo, ndivyo chombo cha tundu moja kinavyolikata kundi. Watu kumi waliokuwa wakiimba pamoja hubaki mmoja. Ngoma huachwa nje ya mlango, na badala yake huingizwa mdundo uliopimwa na watu wasiowahi kuisikia ngoma hiyo.

Tutazame mfano wa Wagogo. Katika muheme, kina mama hupiga ngoma na kuimba kwa sauti zinazopokezana na kupishana. Utamu wake haumo katika ngoma moja, bali katika jinsi pigo la mmoja linavyojibiwa na pigo la mwingine. Au tulitazame kundi la taarab lenye udi, kanuni, fidla, nai, dumbaki na mwimbaji. Ni kweli kwamba maikrofoni mbili zilizowekwa vema mbele ya kundi zaweza kuleta picha nzuri ya sauti zote, na kwa kwaya ya shule hiyo ni njia ya kuheshimiwa. Lakini katika njia hiyo yaliyopita yamepita: kama dumbaki limeifunika kanuni, hakuna atakayeweza kuifunua baadaye. Mwenye matundu manne au manane huipa kila sauti njia yake, kisha hukaa na kusawazisha kwa utulivu, na mwanafunzi anayetaka kujifunza mkono wa mpiga kanuni aweza kuusikiliza karibu peke yake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hesabu watu kabla ya kuhesabu fedha. Anayerekodi mashairi yanayoghaniwa, tundu moja lamtosha, na mawili ni akiba. Mwenye kwaya atafute mawili yaliyo mazuri. Mwenye kikundi cha ngoma au taarab asikubali chini ya manne, na kama shule mbili au tatu zaweza kuungana, zinunue moja lenye manane, lizunguke kwa zamu. Wala msomaji asidanganywe na hesabu iliyoandikwa juu ya sanduku. Chombo kinachotajwa kuwa na njia kumi na nane chaweza kuwa na nne au nane tu za kuchomekea maikrofoni. Zilizobaki ni za vyombo vingine ambavyo mnunuzi hana. Aulize: maikrofoni ngapi zaweza kuchomekwa kwa wakati mmoja? Hilo ndilo swali.

Yapo na maswali mengine, ambayo hayana fahari lakini yana maana. Je, chombo kinakuza sauti dhaifu bila kutia mvumo wake? Mzee mwenye sauti ya chini, au zeze linalopigwa taratibu, huhitaji ukuzaji wa kiasi cha desibeli 60 kwa baadhi ya maikrofoni, na penye mvumo ndipo chombo duni kinapojitangaza. Je, kinatoa volti 48 ambazo maikrofoni nyingi za kondensa haziwezi kufanya kazi bila hizo? Je, kinamwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja, kabla sauti yake haijapita katika kompyuta? Kompyuta hupokea vipimo kwa mafungu; fungu la vipimo 256, kwa kasi ya 48,000, ni ucheleweshaji wa zaidi ya milisekunde 5 kwenda, na kadhalika kurudi. Mwimbaji anayejisikia akichelewa nyuma ya nafsi yake hupoteza mapigo, na mwenye kughani hupoteza mizani.

Kisha yako mawili yanayotuhusu hasa sisi. Umeme hukatika. Chombo kinachopata nguvu yake kutoka kwenye kompyuta yenye betri kitaendelea kufanya kazi gizani, na kitakwenda hadi kijijini. Kinachodai umeme wa ukutani kitanyamaza. Na tena, kiko chombo kinachotambuliwa na kompyuta, pengine hata na simu, bila kuhitaji programu ya pekee ya kiwanda. Na kiko kile ambacho siku kiwanda kitakapoacha kuitengeneza programu hiyo, chaweza kugeuka kuwa kipande cha chuma kingali kizima. Kuchagua cha pili bila sababu ni kumkabidhi mgeni ufunguo wa ghala letu mara ya pili.

Fikra ya tatu ni ya wakubwa wenye dharau. Husema kwamba studio ya nyumbani ni mchezo wa watoto, na kwamba kazi ya kuhifadhi sauti ya taifa iachiwe mashirika yenye majengo na wataalamu. Mashirika hayo yana kazi yao, nayo yaheshimiwe. Lakini hakuna shirika lenye magari ya kutosha kumfikia kila malenga, kila manju na kila bibi ajuaye nyimbo za kubembeleza watoto katika lugha ambayo wajukuu wake hawaisemi. Wazee hao hawasubiri bajeti. Kila msimu tunawazika, na pamoja nao tunazika tenzi ambazo hazikuandikwa. Mwalimu aliye jirani yao, mwenye chombo cha matundu mawili na maikrofoni ya kuaminika, ana nafasi ambayo shirika kubwa halina.

Wakubwa hao husema pia kwamba nyumba zetu hazifai, kwa kuwa bati hulia mvua inaponyesha na kuta hurudisha mwangwi. Hilo ni kweli, na jibu lake si kununua chombo cha ghali zaidi, kwa sababu hakuna kiolesura kinachoweza kuondoa mwangwi wa chumba. Jibu ni magodoro yaliyosimamishwa ukutani, mablanketi, mapazia mazito, na kuchagua saa iliyotulia. Mwenye fedha kidogo atangulize maikrofoni na chumba, ndipo ajaze kilichobaki katika kiolesura. Wengi hufanya kinyume, kisha hurekodi mwangwi wa sebule kwa usahihi wa ajabu.

Hapa hapana budi nionye jambo ambalo chombo chenyewe hakina hatia nalo. Kiolesura huipokea ilimba ya Mgogo kama ilivyo, kwa mlingano wake wenyewe. Ni sisi ambao baadaye, ndani ya kompyuta, huamrisha kila sauti ipandishwe au ishushwe mpaka ilingane na vitufe vya piano. Hukwe Zawose aliibeba ilimba hadi majukwaa ya mbali, na walimwengu waliisikiliza jinsi ilivyo. Kama walimwengu hawakuomba inyooshwe, kwa nini tuinyooshe sisi? Kusahihisha kisichokosewa ni kasumba, hata kama hufanywa kwa kubonyeza kitufe.

Ndugu walimu, nanyi wanafunzi, chombo hakitafanya kazi yenu. Kila mnaporekodi, andikeni jina la mwimbaji, mahali, tarehe, lugha, na nani aliyetunga. Ombeni ridhaa yake kabla ya kuwasha mtambo, na mumweleze sauti yake itatumika wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kijijini sawasawa na mwimbaji maarufu wa mjini. Wekeni nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja. Na nakala ya kwanza apewe yeye aliyeimba, kwa maana zamani aliimba, wageni wakaondoka na sauti yake, naye akabaki na ukimya.

Tulipokuwa hatuna mitambo, tulikuwa na haki ya kuwalaumu waliotuchagulia nyimbo na kutukatia beti. Sasa mtambo uko juu ya meza zetu. Tukinunua tarakimu tusizozisikia, tukifunga ngoma nje kwa sababu ya tundu moja, au tukikaa kusubiri mashirika huku wazee wakituacha, tutamlaumu nani? Mcheza kwao hutuzwa. Lakini ili atuzwe, sharti kwanza wa kwao wamsikie.